Punda afe, mzigo ufike

Methali zetu hazikumtendea punda haki. Moja inasema asante ya punda ni mateke. Nyingine, ambayo wenye haraka zao huipenda zaidi, inasema punda afe, mzigo ufike. Sijapata kusikia methali inayouliza huyo aliyepigwa teke alikuwa amemtendea punda wema gani hata astahili asante. Leo nataka tuzungumze juu ya hiyo methali ya pili, kwa sababu zipo sheria zilizotungwa mahsusi kuikataa, na historia yake ina zaidi ya miaka 200. Ni historia yenye kicheko, jela na bakora, na imepita mpaka Nairobi na Kariakoo.

Tusidhani kwamba huruma kwa mnyama ilianza siku wabunge walipopiga kura. Waislamu wanaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia aende kujitafutia, na kwa ajili ya paka huyo akaingia motoni. Wayahudi na Wakristo wanasoma katika Kutoka kwamba ukimkuta punda wa adui yako ameanguka chini ya mzigo, usimpite, msaidie. Kumbukumbu la Torati nalo linakataza kumfunga ng'ombe kinywa wakati anapura nafaka. Katika miji mingi ya Waislamu wa zamani msimamizi wa soko, muhtasib, alikuwa na madaraka ya kumzuia mtu asimtwishe mnyama kupita nguvu zake. Kwa hiyo wazo lenyewe ni la kale.

Lakini sheria tulizorithi sisi wa Afrika Mashariki katika jambo hili zilitoka Uingereza, na huko mambo yalikuwa ya ajabu kidogo. Kuanzia mwaka 1723 Uingereza ilikuwa na sheria kali iliyoitwa Sheria ya Weusi. Usinielewe vibaya, haikutuhusu sisi: ilipata jina hilo kwa sababu ya majangili waliojipaka masizi usoni. Chini ya sheria hiyo, mtu aliyemuua au kumlemaza ng'ombe wa mwenzake kwa makusudi aliweza kunyongwa. Mtu huyohuyo akimpiga ng'ombe wake mwenyewe mpaka roho ikatoka, hakuwa na kesi. Mnyama alikuwa mali, kama meza au jembe, na kosa lilikuwa kuharibu mali ya mtu. Maumivu ya ng'ombe hayakuwa na nafasi mahakamani.

Mwaka 1800 mbunge mmoja, Sir William Pulteney, alipeleka mswada wa kupiga marufuku mchezo wa kumfunga fahali kwenye kigingi na kumwachia mbwa wamrarue huku watu wakishangilia. (Wapemba msikasirike. Mchezo wenu wa ng'ombe si huo, na ng'ombe wenu harudi nyumbani vipandevipande.) Mswada ulishindwa kwa kura 2 tu. Aliyeuzima hasa alikuwa William Windham, waziri katika serikali ya wakati ule, na hoja yake inafaa kukumbukwa. Alisema mtawanyang'anyaje maskini burudani yao wakati ninyi matajiri mnawinda mbweha na paa kwa mbwa na farasi? Nia yake haikuwa kumtetea maskini, wala fahali. Hata hivyo alikuwa amegusa kidonda, na kidonda hicho hakikupona kwa miaka mia mbili.

Mwaka 1809 Lord Erskine, aliyewahi kuwa Lord Chancellor, alijaribu tena kwa mswada mpana zaidi. Ulipita Baraza la Malodi, ukafia katika Baraza la chini. Kisha mwaka 1821 akaja Richard Martin, mbunge wa Galway kutoka Ireland, na mswada wa kuwalinda farasi. Mbunge mmoja akapendekeza punda nao waongezwe. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, hata mwandishi wa gazeti la The Times akashindwa kusikia kilichokuwa kikisemwa. Mwenyekiti aliporudia pendekezo hilo, kicheko kikazidi. Mwingine akasema huyu Martin kesho atataka sheria ya mbwa. Sauti ikatoka nyuma: na paka! Waheshimiwa wakashika mbavu. Mswada haukupita.

Huyu Martin hakuwa mtu laini. Alikuwa tajiri wa mashamba makubwa huko Connemara, na katika ujana wake alisifika kwa kupigana duwelo, ule ugomvi wa mabwana wa zamani wa kusimama uwanjani na kufyatuliana bastola kwa sababu ya tusi. Alipigania Wakatoliki wapewe haki za kiraia. Alitaka pia mshtakiwa maskini katika kesi ya kunyongwa apewe wakili. Mfalme George wa Nne ndiye anayesemekana kumpa jina la utani la Dick wa Utu.

Alirudi bungeni mwaka 1822, na safari hii akafaulu. Tarehe 22 Julai sheria ikapata kibali cha mfalme. Ilimtaja farasi, baghala, punda, ng'ombe, kondoo na mifugo mingine ya aina hiyo. Aliyempiga au kumtesa mnyama kikatili angetozwa faini isiyopungua shilingi 10 wala kuzidi pauni 5, na akishindwa kulipa angekwenda jela hadi miezi 3. Punda aliyechekwa mwaka mmoja kabla akawa ameingia kwenye kitabu cha sheria kwa jina lake.

Na sasa sikiliza jambo ambalo kwangu ni kiini cha habari yote. Sheria ilikuwa imeandikwa, lakini London haikuwa na polisi wa kuitekeleza. Jeshi la polisi la jiji lilianzishwa mwaka 1829. Basi Martin, mbunge mzima, alikwenda mwenyewe katika soko la mifugo la Smithfield, akawatazama wachungaji na wachukuzi wakipiga wanyama, akawakamatisha na kuwafikisha kwa hakimu. Magazeti yalimchora katuni na kumdhihaki. Kesi iliyosimuliwa zaidi ni ya mchuuzi aitwaye Bill Burns. Inasemekana mahakama ilipokuwa haionyeshi kujali, Martin aliagiza punda mwenyewe aingizwe ndani, hakimu aone majeraha kwa macho yake. Mchoraji akaitia habari hiyo kwenye picha mwaka 1838, na wimbo ukatungwa. Watu walicheka tena, lakini safari hii walicheka huku mchuuzi akilipa faini. Jambo jingine linalosimuliwa juu ya Martin ni kwamba mshtakiwa alipoonekana maskini kabisa, yeye aliomba adhabu ipunguzwe, na mara nyingine akatoa sehemu ya faini kutoka mfukoni mwake.

Mtu mmoja hawezi kuwa polisi wa jiji zima. Tarehe 16 Juni 1824 watu kadhaa walikutana katika mkahawa mmoja wa London, mkahawa wenyewe ukiitwa Old Slaughter's, jina linalomkumbusha Mwingereza machinjio. Martin alikuwapo. Padri Arthur Broome ndiye aliyeitisha mkutano. Walikuwapo pia William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, majina ambayo wanafunzi wetu wa historia huyasoma katika sura ya kukomeshwa kwa utumwa. Wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama na kuajiri wakaguzi wa kwenda masokoni. Malkia Victoria alikipa chama hicho jina la kifalme mwaka 1840, na leo ni tajiri. Ila katika miaka yake ya kwanza kilikuwa kinadaiwa, na mwaka 1826 Padri Broome akafungwa jela kwa sababu ya madeni ya chama. Aliyekinusuru ni Lewis Gompertz, Myahudi, mvumbuzi wa mitambo, mtu aliyekataa hata kupanda gari la farasi. Baadaye wenzake wakaamua kwamba chama ni cha Wakristo, naye akaondoka.

Sheria yenyewe ilikuwa na matundu. Mahakimu waliamua kwamba fahali hayumo, kwa kuwa hakutajwa, kana kwamba fahali si ng'ombe! Ilibidi sheria nyingine, ya mwaka 1835, imwingize fahali, imwingize na mbwa, na ipige marufuku kuwapiganisha majogoo na kuwachokoza fahali na dubu kwa mbwa. Sheria ya 1849 ikaongeza kosa la kumwendesha mnyama kupita kiasi, na ikamgusa hata yule anayeagiza au kusababisha, si mwenye fimbo peke yake.

Kosa lililochelewa kupata nafasi yake kamili ni lile la kutofanya kitu. Kumpiga ni kitendo, kinaonekana. Kumwacha na njaa, kumwacha na kidonda chini ya tandiko mpaka funza waingie, hayo hayana bakora wala kelele. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ndiyo iliyotamka wazi kwamba mtu anaweza kuwa mkatili kwa kitendo au kwa kuacha kutenda. Yule mwanamke na paka wake, ambaye mashekhe walikuwa wakimtaja kwa karne kumi na tatu, hatimaye angeweza kufikishwa mbele ya hakimu wa London. Sheria hiyo ya 1911 ndiyo iliyokuwa mfano wa sheria nyingi za makoloni.

Na lile alilolisema Windham? Alikuwa amesema kweli. Kwa miaka mingi waliojaa mahakamani walikuwa wasukuma mikokoteni, wachunga ng'ombe, wachuuzi. Bwana mkubwa aliyemkimbiza mbweha kwa kundi la mbwa hakuguswa na mkaguzi yeyote. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku uwindaji huo kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Hesabu mwenyewe, kutoka kwa punda wa mchuuzi hadi kwa mbwa wa lodi ni miaka 182.

Kuna hesabu nyingine inayouma zaidi. Mwaka 1874 mjini New York, mfanyakazi mmoja wa kanisa, Bibi Etta Wheeler, aligundua mtoto wa kike, Mary Ellen, aliyekuwa akipigwa na kufungiwa ndani na mama aliyemlea. Kila alikokwenda alishindwa kupata msaada. Mwisho akaenda kwa Henry Bergh, mkuu wa chama cha kulinda wanyama kilichoanzishwa huko mwaka 1866. Wakili wa Bergh akaipeleka kesi mahakamani. Mtoto aliletwa amefunikwa blanketi, na usoni ana jeraha la mkasi. Mlezi alifungwa mwaka mmoja. Watu husimulia kwamba mtoto huyo alitetewa kwa sheria ya wanyama kwa kuwa ya watoto haikuwapo. Hiyo si kweli, kesi iliendeshwa kwa sheria za binadamu, ila kabla ya hapo hakuna aliyejishughulisha kuzitumia. Huko Uingereza sheria ya kuzuia ukatili kwa watoto ilipitishwa mwaka 1889, yaani miaka 67 baada ya ile ya ng'ombe na punda.

Nimeyataja hayo ili tukifika kwetu tusishangae sana.

Machi 1907, mbele ya jengo la mahakama mjini Nairobi, mlowezi Ewart Grogan aliwacharaza hadharani wavuta riksho watatu wa Kikuyu, akidai walikuwa wamewakosea adabu wanawake wa Kizungu. Hakimu alitoka kupinga, hakusikilizwa. Grogan alishitakiwa, lakini kosa lililoandikwa lilikuwa kukusanyika kinyume cha sheria, na alipewa kifungo cha mwezi mmoja ambacho hakukitumikia katika jela ya kawaida bali katika nyumba. Miaka 3 baadaye, mwaka 1910, katika mji huohuo walowezi waliunda chama cha Afrika Mashariki cha kuzuia ukatili kwa wanyama, wakisikitikia maksai waliokuwa wakivuta mikokoteni ya mizigo. Chama hicho ndicho mzazi wa kile kinachofanya kazi Kenya mpaka leo, na kazi yake kwa wanyama ni njema. Siwalaumu waliowahurumia maksai. Nawauliza tu, kama ningeweza kuwauliza, wavuta riksho wale walikuwa katika orodha ipi?

Vita vya 1914 vikajibu. Katika mapori ya Tanganyika mbung'o waliwaua farasi, baghala na punda wa jeshi kwa makumi ya maelfu. Punda walikufa, na mzigo ulitakiwa ufike. Ukahamishiwa kwenye vichwa vya watu. Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na Wajerumani nao wakafanya hivyo upande wao. Hesabu rasmi za upande wa Waingereza zilitaja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000, hasa kwa kuhara, homa na njaa, na wanahistoria wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Ukishuka leo Kariakoo kununua viatu, unatamka jina la kikosi hicho. Wakati hayo yanatendeka, Uingereza kwenyewe sheria ya 1911 ilikuwa tayari ikikataza kumtwisha farasi mzigo uliozidi nguvu zake.

Uhuru ulitukuta na sheria za mkoloni mkononi. Kenya ilipata Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Inakataza kupiga, kupiga mateke, kutwisha kupita kiasi, kutia hofu na mengineyo, na kwa miaka mingi adhabu yake ya juu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Thamani ya shilingi iliposhuka, faini ikabaki pale pale, mpaka ikawa nafuu kuliko gunia la mkaa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, namba 19 ya mwaka huo. Hii ni sheria ya kisasa zaidi. Inatambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na inazungumzia namna ya kumlisha, kumtibu, kumsafirisha na kumchinja.

Lakini simama asubuhi kando ya barabara yoyote iingiayo mjini. Utaona kuku waliofungwa miguu wakining'inia vichwa chini kwenye baiskeli, na mbuzi aliyebanwa juu ya paa la basi katikati ya magunia. Trafiki atasimamisha basi hilo na kukagua leseni na matairi. Mbuzi atasafiri. Martin angekuwapo, angemteremsha mbuzi na kwenda naye mahakamani.

Hata hivyo, mwenye baiskeli ya kuku ni mtu mdogo, na hapa narudi kwa Windham mara ya mwisho. Mwaka 2012 Kenya ilihalalisha uchinjaji wa punda, na kuanzia mwaka 2016 machinjio yenye vibali yakafunguliwa, likiwamo moja Naivasha. Nyama haikuwa shida yao. Walitaka ngozi, ambayo huko China huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, inayotumika kama dawa na kitu cha urembo. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya ilihesabu kwamba kati ya 2016 na 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Kasi hiyo haiwezekani kwa mnyama anayebeba mimba mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Bei ikapanda, na wezi wakaingia mabomani usiku. Mwenye punda aliamka na kukuta mzoga umechunwa ngozi, nyama imeachwa. Mama aliyekuwa akichota maji kwa punda, akasomesha watoto kwa punda huyohuyo, akarudi kujitwika dumu mgongoni.

Yule aliyempiga punda wake fimbo njiani aliweza kushitakiwa chini ya Sura ya 360. Biashara iliyommaliza punda ilikuwa na leseni.

Wenye punda walipiga kelele, na mwaka 2020 serikali ya Kenya ikafuta uchinjaji huo. Wenye machinjio wakaenda Mahakama Kuu, na Mei 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Tanzania, iliyokuwa na machinjio ya namna hiyo Dodoma na Shinyanga, ilipiga marufuku mwaka 2022. Desemba mwaka huohuo wataalamu na maofisa wa nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa ajili ya punda, na sikusikia kwamba kuna aliyecheka. Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubali kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao barani kote. Azimio hilo halina hakimu wala mkaguzi wake. Kila nchi inatakiwa kulipeleka bungeni kwake, iandike kosa ni lipi na adhabu ni ipi, kisha imtafute mtu wa kwenda kusimama langoni mwa machinjio.